Hailaiti za rangi ya asali kwenye nywele nyeusi, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita binamu yangu alinijia na picha ya Beyoncé kwenye simu, kichwani nywele zimekuwa za rangi ya chungwa. Alikuwa amejipaka blichi mara mbili ndani ya siku tatu, kisha akazioshea shampuu ya zambarau akitegemea uchungwa utaondoka. Haukuondoka. Tulitumia saa tano kuziokoa, na kosa lake nililijua mara moja kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya saluni. Nimeandika hapa yote niliyomweleza siku ile kuhusu hailaiti, yaani mistari ya nywele zilizopauliwa ndani ya nywele nyeusi. Yanahusu nywele nyeusi au za kahawia iliyokoza ambazo hazijawahi kupakwa rangi.

1. Isome picha

Usitazame rangi peke yake. Tazama weupe unaanzia wapi, mistari ina unene gani, na ni nywele ngapi zimeachwa na rangi yake. Kwa Beyoncé rangi ya asali hukaa juu ya shina lililokoza, na shina hilo ndilo linaloifanya iwake. Jennifer Lopez amevaa karameli kwa miaka mingi: mistari myembamba inayozunguka uso na kuongezeka kuelekea nchani. Mtindo huo wa kupaka kwa brashi bila kufunga huitwa balayage, neno la Kifaransa la kufagia, na kweli mkono unakwenda kama unafagia. Geri Halliwell wa Spice Girls, miaka ya 1990, aliweka mashungi mawili manene ya dhahabu mbele ya uso, na mtindo huo umerudi tena kwa nguvu. Ukitaka wekundu uliokolea kama wa Rihanna wa mwaka 2010, huhitaji kuinua rangi mbali sana, ila wekundu hupauka haraka kuliko rangi nyingine.

Kumbuka pia kwamba nyota wengi huvaa wigi, na picha hupigwa chini ya taa kali. Ukipata picha ya mtu huyohuyo akiwa juani, fuata hiyo.

2. Kagua nywele

Kama umepaka dawa ya kulainisha, subiri wiki mbili au zaidi. Kama umetumia hina ya kuchanganywa yenye madini, usiguse blichi kabisa mpaka ujaribu kwenye nywele chache ulizokata, kwa sababu madini yakikutana na peroksaidi, ile dawa ya maji inayochanganywa na unga wa blichi, hupata joto kali na nywele huungua. Kisha lowesha unywele mmoja na uvute taratibu: ukinyooka na kurudi, endelea. Ukinyooka kama utomvu bila kurudi, au ukikatika, acha. Paka tone la tona, dawa ya kurekebisha rangi baada ya blichi, nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kazi uone kama ngozi itawasha.

3. Vifaa

Blichi ya unga, peroksaidi, foili (karatasi za aluminiamu), brashi, chanuo lenye mkia, bakuli la plastiki, glavu. Ile kofia ya matundu ya kuvutia nywele kwa sindano siipendi hata kidogo. Nywele zenye mawimbi zinanasa, na mistari inatoka kama madoa.

Peroksaidi chukua ya 6%, ile iliyoandikwa 20 kwenye chupa. Ya 12% sitaki kuiona karibu na nywele za kipilipili. Inakimbia, na unywele unakatika kabla rangi haijafika.

4. Gawa na ufunge

Anza kisogoni, malizia mbele. Nywele za pembezoni mwa uso ni laini na hushika haraka. Tenga safu nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua kwenye mwanga unaviona vidole vyako upande wa pili. Acha kama sentimita moja kutoka kwenye ngozi, maana blichi huumuka ndani ya foili na kuvuja, na joto la kichwa huifanya ikimbie zaidi pale chini.

5. Kuinua rangi

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Nywele nyeusi hazirukii kwenye dhahabu. Zinapita kwenye kahawia yenye wekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa, kisha chungwa yenye njano, kisha njano, na mwisho njano iliyopauka kama ndani ya ganda la ndizi. Wasusi hupima kwa namba 1 mpaka 10, nyeusi ikiwa 1. Karameli iko karibu na 6, asali karibu na 7. Maana yake ni kwamba kwa asali huna haja ya kufika kwenye ganda la ndizi. Unasimama pale chungwa inapogeuka kuwa njano, na nywele zako zinabaki na uhai.

Kosa langu, na la binamu, lilikuwa kuosha mapema. Blichi nyingi zina rangi ya buluu ndani yake. Ukifungua foili na kutazama kupitia ule uji, nywele zinaonekana zimepauka kuliko zilivyo. Siku ile niliona njano, nikaosha, ikatoka chungwa tupu, kisha nikapoteza jioni nzima nikichanganya tona tatu tofauti kurekebisha jambo ambalo tona haiwezi kulirekebisha. Tona haiinui rangi kwenye nywele nyeusi. Inapaka juu ya ulichokiinua.

Sasa nafanya hivi: kila baada ya dakika 10 nafungua foili moja, nafuta blichi kwa kitambaa chenye maji kwenye nywele chache, nazikausha kidogo kwa taulo, kisha natazama. Nywele zilizolowa huonekana nyeusi zaidi, hivyo usihukumu zikichuruzika maji. Tazama na katikati ya safu, maana nje huwahi kupauka. Kama bado ni nyekundu, paka tena na ufunge. Blichi ikikauka imeacha kazi, kwa hiyo uji mpya unahitajika, sio kusubiri zaidi. Usizidishe muda ulioandikwa kwenye pakiti. Muda ukiisha na bado ni chungwa, osha, tia kondishena nzito, rudia baada ya wiki mbili au zaidi. Au kubali karameli, ambayo kwa macho yangu huwapendeza wengi kuliko asali.

Usiweke joto la mashine juu ya foili. Najua wengine wanaweka.

6. Tona

Zambarau huua njano. Buluu huua chungwa. Kijani huua wekundu. Ndiyo maana shampuu ya binamu haikufanya kitu: alikuwa na rangi ya chungwa kichwani na dawa ya njano mkononi. Lakini kwa asali usiue joto lote. Chagua tona ya dhahabu au ya beji (kahawia iliyopauka) ya namba 7, paka kwenye nywele zilizoloa kidogo, simama karibu na uangalie. Ukiweka ya kijivu yenye buluu juu ya njano, utapata ukijani.

7. Baadaye

Shampuu isiyo na salfeti, maji ya vuguvugu, kondishena ya kina kila wiki, mafuta nchani. Mashina yakikua, paka blichi kwenye nywele mpya tu. Ncha ulizokwisha kuziinua zisiguswe tena na blichi. Zikipauka, zipakie tona peke yake.