Kuchora mkono unaokunja rolex
Mtazame muuza chapati wa Wandegeya, Kampala, anapokunja rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai): vidole vyake havipindi kwa mstari mmoja, vifundo vinafuata upinde. Kwa penseli ya HB, chora kwanza kiganja kama kisanduku bapa, bila vidole. Ukiuona mgongo wa mkono, kidole cha kati kutoka kifundo cha shina lake hadi ncha hukaribia nusu ya mkono wote. Upande wa kiganja, kidole hicho huonekana kifupi, maana ngozi katikati ya vidole hufunika shina lake. Wengi hukosea hapa. Dole gumba litokee ubavuni, karibu na kifundo cha mkono.

Kivuli mwisho, kwa penseli ya 2B, laini na nyeusi kuliko HB. Ngozi nyeusi: koleza mgongo, kiganja kiwe cheupe zaidi, mistari yake ikolee. Ukikaza kila mkunjo, kijana atazeeka.