Kuinua pua ya pikapu: pima kwanza, rimu baadaye

Wateja wengi wanaoingia gerejini kwangu, hapa Industrial Area, Nairobi, huwa wamekwisha kununua rimu na matairi katika Barabara ya Kirinyaga kabla hawajajua gari lao linahitaji nini. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Ninatumia mfano wa Toyota Hilux ya 4x4 ya kuanzia mwaka 2005, ambayo mbele ina springi za mviringo na nyuma springi za bapa. Pikapu za zamani zenye toshenibaa mbele (fito za chuma zinazojipinda badala ya springi) huinuliwa kwa njia nyingine kabisa.

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, halafu pima kwa futi ya fundi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na uandike. Pima gari likiwa tupu, kisha ulipime tena likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pua iliyoinama si kasoro: kiwanda kimeacha nyuma juu ili gari likae sawa likibeba. Niliwahi kusawazisha pikapu ya mteja anayeleta viazi Marikiti kutoka Kinangop bila kuipima ikiwa na mzigo. Ilipopakiwa magunia 16 ya kilo 50, mkia ulilala na taa zikamulika matawi ya miti, na ikabidi nizifungue spesa zote, yaani vipande vya kuinulia vinavyokaa juu ya shoki, kwa gharama yangu. Kwa gari la mizigo sasa siinui zaidi ya nusu ya tofauti ya mbele na nyuma niliyoipima likiwa tupu.

Ukinunua spesa, kumbuka kwamba unene wake si kimo utakachopata. Shoki imeshikwa katikati ya mkono wa chini, wala si kwenye gurudumu, hivyo spesa ya milimita 25 inayokaa juu ya shoki huinua pua kwa karibu milimita 50. Hapo ndipo ninapokomea, kwa sababu zaidi ya hapo ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali na mipira yake hupasuka mapema.

Kazi yenyewe huanza kwa kuinua mbele pande zote mbili kwa jeki na kuegemeza fremu juu ya stendi za chuma, si mawe. Ondoa magurudumu, fungua viungo vya stebilaiza (fito inayozuia gari kulala upande kwenye kona), kisha ulegeze nyaya na mpira wa breki usije ukavutika mkono unaposhuka. Fungua boli ya chini ya shoki na nati tatu za juu. Ile nati ya katikati usiiguse hata kidogo, maana ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikiachia inaweza kuua. Weka spesa, rudisha shoki, lakini boli ya chini usiikaze kabisa mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, la sivyo bushi itakazwa ikiwa imejipinda na kuchakaa kabla ya wakati.

Sasa rimu. Hilux hii ina boli sita kwenye duara la milimita 139.7 na tundu la kati la takriban milimita 106. Tundu la rimu mpya likiwa kubwa zaidi, tumia pete ya kati ya kujaza nafasi hiyo, usitegemee nati pekee. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776, na la 265/70R17 milimita 803, kwa hiyo ukihama kutoka la kwanza kwenda la pili, spidi mita ikionyesha 80 utakuwa unakwenda karibu 83. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukiangalia kama tairi linagusa plastiki ya madigadi.

Siku hiyo hiyo peleka gari likafanyiwe alaimenti (kunyoosha magurudumu), kwa kuwa kuinua pua hubadilisha mlalo wa magurudumu na tairi jipya linaweza kuliwa upande mmoja. Taa zirekebishwe pia.

Bampa ya chuma na winchi huja mwisho, na uzito wake hurudisha chini sehemu ya kimo ulichokilipia. Kama umepanga kuvifunga, nunua springi ngumu zaidi badala ya spesa. Keria na kanopi hazina ugumu, ila uzito wake utoe kwenye mzigo unaoruhusiwa. Kisha ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi, na baada ya kilomita 100 rudi ukaze nati zote upya.