Jinsi ya Kuiandaa The Lover kwa Kiswahili Jijini Nairobi

Tamthilia ya runinga iitwayo The Lover, iliyoandikwa na Harold Pinter, ilirushwa hewani nchini Uingereza mwezi Machi 1963, Alan Badel na Vivien Merchant wakiwa mume na mke, Richard na Sarah, na mwaka huohuo ikatunukiwa Prix Italia, tuzo ya kimataifa ya vipindi vya redio na runinga. Asubuhi mume anamuuliza mkewe, kwa utulivu wa mtu anayeulizia chakula cha jioni, iwapo mpenzi wake atakuja leo. Mke anakubali kuwa atakuja. Alasiri mpenzi huyo, Max, anapoingia, tunamwona mume yuleyule. Kikundi kidogo kinaimudu vizuri: sebule, chumba cha kulala na waigizaji watatu, wa tatu akiwa muuza maziwa anayebisha hodi na kuondoka.

Anza kwa kuomba idhini. Pinter alifariki mwaka 2008, na sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo waandikie wenye haki mapema na ueleze wazi kwamba unakusudia kutafsiri, si kuigiza tu. Ukitaka kuirekodi, omba pia leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na ujue kwamba maudhui ya watu wazima hayarushwi kwenye runinga zetu kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku.

Kazi kubwa iko katika tafsiri, na hapa nakusihi usiharakishe. Neno la kwanza la kuamua ni lile la kumwita Max. “Hawara” linamhukumu mke kabla hajafungua mlango. “Mpango wa kando” kila mtu Nairobi analijua, nasi tulilijaribu katika mazoezi yetu. Waliokuwa wakitazama waliangua kicheko, na ule utulivu wa kutisha wa swali la asubuhi ukapotea, usirudi tena hadi mwisho wa onyesho. Tulirudi kwenye “mpenzi wako”, neno la kawaida kabisa, na ukumbi ukanyamaza. Baadaye Sarah anapomuuliza Richard kuhusu mwanamke wake wa nje, Richard anakana kuwa na kimada. Anasema anamjua malaya tu. Kiswahili kinatofautisha wawili hawa vizuri, kwa kuwa kimada hutunzwa na malaya hulipwa, basi usiyachanganye maneno hayo hata mara moja.

Mavazi yawe machache. Richard huondoka na suti na mkoba. Max huja bila tai, na koti la ngozi laini. Usimpe mwigizaji ndevu za bandia wala sauti nyingine, maana mtazamaji anatakiwa kumtambua papo hapo na bado asiwe na uhakika anamtazama nani.

Shughulikia viatu kuliko kitu kingine chochote. Jioni mume anaporudi, mke amekwisha kuvaa tena gauni lake la heshima, lakini miguuni bado ana viatu vya visigino virefu vya alasiri. Mume anavitazama na kusema kwamba havijui. Mke anaomba radhi, anakwenda kuvibadilisha. Hayo tu. Nunua jozi hiyo katika soko la mitumba la Gikomba siku ya kwanza ya mazoezi, si wiki ya mwisho, ili mwigizaji azoee kutembea navyo, na ondoa zulia jukwaani ili kila hatua isikike. Mwelekeze mume asipandishe sauti, kwa sababu akifoka, watazamaji watadhani amefumania, ilhali kinachomuumiza ni kwamba mke amesahau kanuni ya mchezo wao.

Zungumza na watazamaji kabla ya tiketi kuuzwa. Mwaka 2013 tangazo la kondomu lililomwonyesha mke mwenye uhusiano wa nje liliondolewa kwenye runinga za Kenya baada ya viongozi wa dini kulalamika, kwa hiyo andika kwenye bango kwamba tamthilia ni ya watu wazima na inahusu ndoa.

Mwisho, rudi kwenye neno “malaya”. Sentensi ya kufunga tamthilia ni ya mume akimwita mkewe malaya mzuri, naye anaitamka kwa mapenzi. Mwigizaji asiinong’one kwa aibu. Aiseme akimtazama usoni, kisha hesabu sekunde tano kabla ya kuzima taa.