Paprika tamu ya Hungary: kuipika mpaka itoe ladha yake

Wengi wenye kopo la paprika (ule unga mwekundu wa pilipili zilizokaushwa) jikoni wanaitumia kwa kazi moja tu, kunyunyizia mayai ili yapendeze kwenye sahani. Sasa ukinunua ile tamu ya Hungary afu ukaishia kunyunyiza umetupa hela, maana Wahungari wenyewe wanaipima kwa kijiko cha chakula, sufuria moja ya kuku inakula vijiko viwili mpaka vitatu na hakuna anayeshtuka. Kwao hii ndo mchuzi wenyewe, sio urembo.

Tuanze dukani. Pakiti za Hungary zina maneno yao na ukiyajua manne matano huibiwi. Édesnemes ndo tamu ya kawaida, nyekundu ya kung'aa, na ndo utakayoikuta sana nje ya nchi yao. Csemege nayo ni laini na haina ukali wa maana. Félédes ina mwasho kidogo. Ukiona erős au csípős basi hiyo kali, iache kwanza. Afu angalia kama imeandikwa Szeged au Kalocsa, hiyo ndo miji miwili ya kusini inayosifika kwa paprika, na majina yake yanalindwa na Umoja wa Ulaya kwahiyo sio kila mtu anaruhusiwa kuyabandika tu kwenye unga wake. Na usichague kwa wekundu peke yake. Mwaka 1994 huko huko Hungary kuna watu waliugua kwa sababu paprika ilikuwa imechanganywa na oksidi ya risasi, kemikali nyekundu yenye sumu, ili ionekane nyekundu zaidi, kwahiyo nunua pakiti iliyofungwa na yenye tarehe, ukifika nyumbani fungua unuse. Nzuri inanukia utamu, kama haina harufu yoyote au imeanza kuwa kahawia basi imeshakaa sana.

Kwa nini haiwashi wakati ni jamii ya pilipili? Ukali wa pilipili unakaa zaidi kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Zamani waliutoa kwa mkono, siku hizi kuna aina za pilipili zenyewe hazina ukali tangu shambani.

Haya, sasa jiko, na hapa ndo pa kutulia. Rangi ya paprika inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji, kwahiyo ukiirusha juu ya mchuzi unaochemka unapata unga unga unaoelea na ladha ya vumbi. Lazima ikutane na mafuta kwanza. Lakini ina sukari nyingi, na sukari kwenye mafuta ya moto inaungua haraka sana, ikiungua inakuwa chungu na uchungu huo hautoki hata ufanyeje, usijidanganye eti utaongeza nyanya au sukari, mwaga tu uanze upya kabla hujaharibu na nyama.

Kwahiyo wanafanya hivi. Kaanga vitunguu vingi, vilivyokatwa vidogo, kwa moto mdogo, kwenye mafuta ya nguruwe (wao ndo wanayapenda, ila mafuta ya alizeti yanafaa kabisa), dakika kumi hadi kumi na tano mpaka vilainike viwe vya kupitisha mwanga bila kuwa vyeusi pembeni. Toa sufuria motoni. Namaanisha itoe kabisa, iweke pembeni, sio kupunguza moto. Acha kelele ya mafuta itulie kidogo, ndo umwage paprika yote kwa mkupuo na ukoroge. Angalia vizuri hapo, baada ya sekunde chache tu mafuta yanageuka mekundu ya kung'aa na harufu inapanda yote kwa pamoja, basi hapo hapo tia maji robo kikombe au nyama yenyewe, usisubiri. Maji yanashusha joto. Ndo rudisha jikoni sasa.

Ukishika hilo umeshika nusu ya mapishi ya Hungary, nyingine ni tofauti ndogo ndogo. Nyama ikiiva kwenye majimaji yake na mchuzi mzito mfupi hiyo ni pörkölt. Ukiweka maji mengi, viazi, karoti na kisibiti inakuwa gulyás, ambayo kwao ni supu, ule mchuzi mzito ambao nchi zingine wanauita gulashi unafanana zaidi na pörkölt. Na ukimalizia kwa krimu chachu ni paprikás, na hiyo ya kuku, csirkepaprikás, ndo ningemwambia mtu aanze nayo maana haichukui muda.

Chukua kilo moja ya kuku, mapaja ni bora kuliko kidari maana kidari kinakauka. Vitunguu viwili vikubwa, mafuta vijiko vitatu, paprika tamu vijiko viwili vilivyojaa, nyanya moja na pilipili hoho moja zimekatwa, chumvi. Fanya kitunguu na paprika kama nilivyosema, tia kuku, mgeuze mpaka awe mwekundu kote, weka nyanya na hoho, na maji kama kikombe kimoja, mchuzi usimfunike kuku. Funika sufuria, moto mdogo, dakika 40 hivi. Kuku akilainika mtoe pembeni. Chukua krimu chachu mililita 200 uipige na kijiko kimoja cha unga wa ngano mpaka madonge yaishe, afu chota upawa wa mchuzi wa moto uchanganye humo kwenye bakuli kwanza, ndo umimine vyote sufuriani. Ukimwaga krimu ya baridi moja kwa moja inakatika na mchuzi unakuwa na vipande vipande, hauna madhara ila unachukiza kuutazama. Uchemke taratibu dakika tano, mrudishe kuku. Rangi inatakiwa iwe ya chungwa iliyokolea, ikiwa ya waridi iliyopauka basi ulibania paprika.

Wanakula na nokedli, vidonge vidogo vya unga vya kuchemsha, na hizi usiogope. Unga gramu 400, mayai mawili, chumvi, maji kama mililita 250, koroga upate rojo zito la kunata na usilikande sana maana zitakuwa ngumu. Wao wana kifaa chake chenye matundu, wewe ukiwa na ubao mdogo na kisu unakwaruza vipande vidogo vidogo vinaingia kwenye maji yanayochemka, vikipanda juu vimeiva. Chuja, changanya na siagi kidogo zisishikane.

Kutunza: chombo kinachoziba, gizani, mbali na jiko. Ile chupa ya kioo juu ya jiko inapendeza ila mwanga na joto vinaua rangi na harufu, kwahiyo nunua kidogo kidogo uimalize ndani ya miezi kadhaa, kilo nzima ya ofa haina faida kama unapika mara moja moja.

Na ikibaki kidogo chini ya kopo, tengeneza körözött, jibini la kupaka mkate, haihitaji hata moto. Ponda jibini laini la kondoo (la ng'ombe pia sawa) na siagi iliyolainika, kitunguu kilichosagika, kisibiti kidogo na kijiko kidogo cha paprika, chumvi uonje kwanza maana jibini lina yake. Iache kwenye friji masaa mawili matatu rangi ienee, afu paka kwenye mkate.