Kumfuatilia Babu Mkulima: Mwongozo kwa Familia za Vijijini Tanga

Anayetaka kujua habari za baba wa babu yake, mtu aliyelima mihogo na kupanda minazi vijijini Muheza, asianzie ofisini. Wakulima wengi wa zama hizo hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwenye kutanguliza cheti hukata tamaa kabla hajamsikiliza hata mzee mmoja. Anzia kwa wazee wa ukoo, hasa bibi na mashangazi, kwa kuwa ndio waliokuwapo kwenye uzazi, ndoa na misiba ya nyumba ile. Ikiwa familia ni ya Kiislamu, hudhuria hitima na usikilize kwa makini marehemu wanapotajwa ili waombewe rehema, kwani hapo hutajwa watu ambao katika mazungumzo ya kawaida hakuna aliyewakumbuka.

Baada ya kumwamkia mzee na kumjulia hali, usimuulize mwaka. Muulize babu alitiwa jandoni pamoja na akina nani, kisha utafute habari za wenzake wa rika hilo, maana huenda mmoja wao aliacha kumbukumbu. Muulize kama alikwisha kuoa Waingereza walipopigana na Wajerumani mjini Tanga, mapigano yaliyotokea Novemba 1914, au kama alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita hiyo.

Jina lenyewe ni ushahidi ambao wengi huupita bila kuutazama. Watoto wengi waliitwa Rajabu, Shabani au Ramadhani kwa sababu ya mwezi waliozaliwa, na miezi hiyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Chukua mfano wa Ramadhani ambaye ukoo unasimulia kwamba alizaliwa wakati wa masika. Mfungo uliangukia masika kati ya mwaka 1887 na 1893 hivi, ukarudi kati ya 1920 na 1926, kisha kati ya 1953 na 1959. Ikiwa mwanawe wa kwanza alikuwa kijana wakati wa Uhuru mwaka 1961, kipindi cha katikati ndicho kinachoelekea kuwa chake, na umepata umri wake bila karatasi yoyote. Hakikisha tu kwamba hakurithi jina la babu yake, jambo ambalo ni la kawaida sana.

Familia nyingi za Korogwe na Muheza zina babu aliyekuja kukata mkonge. Vibarua wa mkataba waliotoka mbali waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, na kazi yao ilihesabiwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30. Kipande kilichohifadhiwa sandukuni ni hazina kubwa. Kisipokuwapo, uliza ni watani gani waliokuja kwenye maziko yake, kwa kuwa utani huonyesha kabila hata pale wajukuu walipokwisha kusahau lugha ya kwao.

Kwa Wakristo, uliza vitabu vya ubatizo katika kanisa alilosali, na kwa Wabondei ni vyema kuanzia Magila, huko Muheza, ambako misheni ya Kianglikana ina historia ndefu tangu karne ya 19. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Wajerumani na Waingereza; humo tafuta jina la kijiji na la jumbe wake, yaani mkuu wa kijiji wa zama hizo, kwa maana mkulima wa kawaida ni nadra kuwa na jalada lake.

Mwisho nenda kwenye mahame, yaani mahali palipohamwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi, hivyo nyumba ya babu huenda ilikuwa mbali na kijiji cha leo. Nenda na mzee anayepajua, mwonyeshe kila mwembe na kila mnazi mkongwe, umuulize aliyeupanda na aliyezikwa karibu yake, na uandike jina la msimulizi pamoja na tarehe kabla hamjaondoka mahali hapo.