Namna ya Kutoa Kijitabu cha Katuni kwa Mashine ya Kopi Mjini Kigoma

Mtu anayetaka kutoa kitabu chake cha katuni bila mchapishaji mara nyingi huanza kwa kuchora, kisha hujikuta mlangoni pa steshenari akiwa na kurasa za ukubwa tofauti, idadi isiyokunjika na kingo zilizojaa maneno ambayo mashine itayakata. Mwongozo huu unashauri njia ya kinyume: ijue kwanza mashine itakayokichapa kitabu, upange kurasa kwa kuifuata, ndipo hadithi iingie ndani ya mpango huo. Sisi tulio Kigoma tuko mwisho wa reli, mbali na viwanda vya uchapaji vya Dar es Salaam, na mashine ya kopi ndiyo kiwanda chetu. Kazi iliyochorwa kwa kuizingatia hutoka safi, tena hutoka mwezi huu badala ya mwaka ujao.

Zungukia steshenari kadhaa za Mwanga, za mjini na za Ujiji ukiwa na ukurasa mmoja wa majaribio. Ukurasa huo uwe na eneo kubwa la wino mweusi mtupu, mistari myembamba iliyopishana, maneno madogo, na mstari uliochorwa karibu kabisa na ukingo wa karatasi. Omba kopi moja kila mahali na uzilinganishe baadaye kwenye mwanga wa mchana. Utaona ni mashine ipi inatoa weusi uliokolea na ipi inaacha michirizi ya kijivu, na utaona pia kwamba karibu zote huacha ukingo mtupu wa milimita nne au tano usiochapika. Muulize mhudumu kama mashine yake hutoa kopi pande mbili za karatasi kwa mpigo mmoja, na kama bei hupungua kwa kopi nyingi. Huyu ndiye mshirika wako wa uchapaji, kwa hiyo mweleze mapema unachotaka kutengeneza na umwonyeshe mfano, kwa kuwa mhudumu anayeielewa kazi huokoa karatasi nyingi.

Sasa tengeneza kitabu kitupu cha mfano. Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, uzikunje katikati, nawe utapata kijitabu cha kurasa 16 za ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Andika namba kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kisha zifungue karatasi moja moja. Karatasi ya nje itakuwa na ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Ya pili itakuwa na 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, kisha 8 na 9. Kila jozi ikijumlishwa huleta 17, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukagua kama umekosea. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne daima. Kitabu kitupu hiki usikitupe, kwa kuwa utakirejea katika kila hatua hadi siku ya kukunja.

Mpangilio huu unaamua hadithi zaidi ya watu wanavyodhani. Ukitoa majalada mawili na sehemu zake za ndani, zinabaki kurasa 12, na kwa fremu, yaani visanduku vya picha, nne hadi sita kwa ukurasa una fremu zipatazo 48 hadi 72. Hapo panatosha kisa kimoja chenye watu wawili au watatu, wala hapatoshi historia ya ukoo mzima. Kurasa za namba witiri hukaa kulia, kwa hiyo swali au hofu iachwe mwishoni mwa ukurasa wa 5, na jibu likae mwanzoni mwa ukurasa wa 6, ambapo msomaji halioni mpaka afunue. Kurasa za 8 na 9 ni upande mmoja wa karatasi ileile, na kwa sababu hiyo ni mahali pekee ambapo picha moja inaweza kuvuka katikati bila kupindana. Mahali hapo pawekewe picha kubwa kuliko zote. Asubuhi ya Kibirizi, wakati mitumbwi inapotua na dagaa wanaanza kumwagwa kwenye ndoo na mabeseni, inastahili kurasa hizo mbili.

Kuhusu uchoraji wenyewe, chora kila ukurasa kwenye karatasi kamili ya A4, kisha uipunguze kwa asilimia 71 kwenye mashine ili ipate kuwa A5. Upunguzaji huo huficha mitetemo ya mkono na kuukaza mstari, lakini hupunguza pia maneno: herufi ya milimita 5 itabaki na milimita 3.5 hivi, na chini ya hapo msomaji wa jioni, mwenye taa hafifu, ataanza kuhangaika. Acha ukingo wa sentimita moja na nusu pande zote za karatasi ya A4. Anza kwa penseli nyepesi, maliza kwa peni ya wino mweusi na makapeni kwa maeneo makubwa, kisha ufute penseli yote baada ya wino kukauka kabisa. Usitumie kalamu ya bluu, wala usitie kivuli kwa kupaka penseli, kwa maana mashine hugeuza kivuli hicho kuwa uchafu. Kivuli cha kitabu cha kopi hutengenezwa kwa mistari sambamba, kwa nukta, au kwa weusi kamili.

Maneno yaandikwe kabla ya kuchora viputo vya usemi. Vitenzi vyetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na neno kama «hawajatufikishia» halitaki kubanwa kwenye kiputo chembamba kilichochorwa kwanza. Andika usemi, uuzungushie kiputo, halafu mhusika achorwe katika nafasi iliyobaki. Neno likilazimika kukatwa, likatwe kwenye silabi. Kwa herufi kubwa, ritifaa ya NG'OMBE ionekane wazi, isije ikamezwa na mstari wa kiputo. Na sauti za hadithi ziwe zetu: mtu akianguka majini aanguke chubwi, gunia likishuka lishuke pu. Lugha yetu ina hazina kubwa ya tanakali za sauti, na inasikitisha kuona mchoraji hodari akiziacha na kuazima milio ya vitabu vya kigeni.

Uaminifu wa mazingira pia ni sehemu ya kazi. Msomaji wa Kigoma ameiona meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, na ameona mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti huku wavu wa dagaa ukishushwa kati yake usiku, taa zikiwaka. Ukichora mashua ya mahali pengine atajua papo hapo. Nenda ufukweni na daftari, chora ukiwa umesimama palepale, tena uwaulize wavuvi jina la kila kifaa. Wavuvi wa dagaa hupungua ziwani siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa hazivuti samaki vizuri mwezi ukiwa mkubwa. Siku hizo ni nzuri kwa mazungumzo marefu. Kama mhusika wako ni mzee wa Kasulu anayechanganya Kiha katika usemi wake, mtafute msemaji wa Kiha ayasome maneno hayo kabla ya kuyatia wino.

Kurasa zikikamilika kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzipunguza moja moja na kuzibandika mbilimbili kwenye karatasi nane za A4 zilizolala, kwa kufuata kitabu chako cha mfano, ukitumia gundi kavu na kufunika kingo za vipande kwa rangi nyeupe ya kusahihishia ili zisitoe mistari. Hizo ni karatasi mama, moja kwa kila upande wa karatasi nne za kitabu. Ya pili ni kuziskani. Kwa michoro ya wino mtupu tumia nukta 600 kwa inchi. 300 ni kiwango cha chini, na kwa ukurasa wa A4 hutoa picha ya nukta 2480 kwa 3508. Ukiituma kazi kwa mhudumu kupitia WhatsApp, itume kama dokumenti ya PDF, kwa kuwa ikitumwa kama picha hubanwa na mistari hupoteza makali. Mimi naipendelea njia ya kwanza kwa kitabu cha kwanza, maana mchoraji akiishika karatasi mama mkononi huona kosa ambalo kioo cha simu hulificha.

Siku ya kuchapa, toa nakala moja tu, uikunje, uisome yote, na ndipo uruhusu nyingine. Kosa la kawaida ni upande wa pili kutoka kichwa chini. Kwa karatasi iliyolala, mashine ielekezwe kugeuza kwa upande mfupi. Wakati wa masika nunua rimu iliyofungwa na usiifungue hadi dakika ya kazi, kwa sababu karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama ndani ya mashine. Karatasi ya gramu 80 inatosha kwa kurasa za ndani. Jalada la manila linapendeza, lakini si kila mashine huimeza, na likiongezwa juu ya karatasi nne huleta kurasa nne zaidi ambazo sharti uzihesabu katika mpango wako.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A5 ukiwa umeifunga. Ifungue wazi, weka kijitabu juu ya boksi laini, piga pini mbili kwenye mkunjo, kisha uikunje miguu yake kwa ncha ya kijiko. Lililo bora zaidi kwangu ni kushona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mawili yakiwa sentimita tano kutoka kila upande wake. Ingiza uzi kutoka ndani kupitia tundu la katikati, urudi ndani kwa tundu la juu, uvuke kwa ndani moja kwa moja hadi la chini, utoke, kisha urudi ndani kupitia la katikati, na ufunge fundo juu ya uzi mrefu. Uzi wa kushonea nyavu unapatikana kirahisi hapa kwetu na hudumu kuliko pini inayoshika kutu.

Bei hutokana na hesabu. Tuseme steshenari inatoza shilingi 100 kwa kila upande: karatasi nne zina pande nane, yaani shilingi 800 kwa nakala, kabla ya uzi na nauli. Ukiuza kwa 1,000, mwenye duka hana fungu lake nawe huna la kuchapa tena. Kwa 1,500 wote wawili mnapata kitu. Anza na nakala 30, kwa kuwa karatasi mama zipo na unaweza kuchapa nyingine kesho yake. Dukani na kwa kinyozi acha nakala tano kwa mali kauli, uandike kwenye daftari tarehe, idadi na sahihi ya aliyepokea, na urudi kwa siku mliyokubaliana. Wasomaji waliokua wakisoma jarida la katuni la Sani wamezoea kupeana kitabu mkono kwa mkono, kwa hiyo usiwahesabu wanaoazima kuwa hasara. Weka tu jina lako na mahali pa kukupata katika ukurasa wa pili.

Ukurasa wa 15 naushauri uwe wa habari za wachoraji wengine. Andika nani ametoa nini, kurasa ngapi, kwa bei gani na kinapatikana wapi, na usikisifu kitabu ambacho hujakisoma. Tuma nakala mbili kwa basi au treni kwa mchoraji wa Tabora, naye akutumie zake. Kutoka Tabora reli huchepuka kwenda Mwanza, na kutoka Kaliua kwenda Mpanda, kwa hiyo mabadilishano ya miji miwili yanaweza kufika mbali. Soko la Comiket mjini Tokyo, ambako wachoraji huketi nyuma ya meza na kuuza vitabu walivyojichapia, lilianza Desemba 1975 likiwa na makundi 32 tu, na maonyesho kama hayo ya SPX katika jimbo la Maryland, Marekani, yalianza mwaka 1994. Meza nne katika ukumbi wa shule au maktaba ya mkoa, kwa ruhusa ya wenyewe, ni mwanzo unaowezekana Kigoma mwaka huuhuu.

Yapo pia ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapoundwa, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hukupa ushahidi mgogoro ukitokea. Kama mwandishi na mchoraji ni watu wawili, andikianeni makubaliano ya mgawo kabla ya ukurasa wa kwanza. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nayo utaihitaji ukitaka kuingia kwenye maduka ya vitabu. Toleo la mfululizo ni jambo jingine: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa leseni kwa machapisho ya aina hiyo, kwa hiyo iulize Idara ya Habari, MAELEZO, kabla hujawaahidi wasomaji kitabu cha kila mwezi. Karatasi mama zako zihifadhi zikiwa zimelala, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na mchwa, na juu ya mfuko uandike tarehe ya kila uchapaji na idadi ya nakala zilizotoka.