Kutambua aina za RSV kwa watoto waliolazwa

Kazi ya kutambua aina za RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, huharibikia puani mwa mtoto kabla haijafika kwenye mashine. Chukua sampuli mapema akishalazwa, maana virusi hupungua kadiri siku zinavyopita. Tumia kijiti cha plastiki chenye ncha ya nyuzi za sintetiki. Cha mti huweza kuzuia kipimo cha PCR, kile kinachonakili vinasaba vya virusi mara nyingi hadi vionekane. Mama ampakate, kichwa kimeegemea kifuani. Sukuma kijiti puani sambamba na kaakaa, si kuelekea juu, hadi kigote. Kiache sekunde chache, kizungushe, kisha kivunjie ndani ya kichupa cha majimaji ya kusafirishia virusi.

Kwenye fomu andika tarehe ya kulazwa na tarehe dalili zilipoanza. Hii ya pili husahaulika sana. Dalili za RSV kwa kawaida hutokea siku 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo aliyeanza kukohoa siku ya 10 wodini yaelekea aliambukizwa humo humo.

Hifadhi sampuli kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi kwa muda usiozidi saa 72. Zaidi ya hapo, nyuzi -70 au chini yake. Igawe kwenye vichupa viwili vitatu kabla ya kugandisha, kwani kuyeyusha na kugandisha tena huvunja RNA, yaani vinasaba vya virusi hivi.

PCR itakutenganishia makundi mawili ya RSV, A na B. Sampuli yenye Ct (mizunguko ya PCR kabla virusi havijaonekana; ikiwa ndogo, virusi ni vingi) chini ya 30 ndiyo ya kupeleka kusomwa vinasaba; ikizidi sana, utapata vipande vyenye mapengo.

Kwa aina ndani ya kundi, tazama jeni G, mojawapo ya jeni za virusi hivi. Aina ya ON1 ya kundi A ina nukliotidi (herufi za vinasaba) 72 zilizorudiwa. Ilitambuliwa Ontario, Kanada, katika sampuli za 2010, na 2012 ilikuwa imeshafika Kilifi. Aina ya BA ya kundi B imerudia 60. Hapa pana mtego: ukipanga vipande vifupi vilivyosomwa juu ya kielelezo (jenomu ya kulinganishia) cha zamani kisicho na marudio hayo, programu huyameza, na ON1 hutoka ikifanana na aina kongwe. Chagua kielelezo cha karibuni.

Watoto wawili wa vitanda jirani kuwa na ON1 hakuthibitishi kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake. Huenda mtaa mzima unayo. Soma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya virusi, nukliotidi kama 15,200. Virusi hivi hubadilika takriban mara 10 tu kwa mwaka, hivyo hata jenomu zikilingana kabisa, rudi kwenye zile tarehe na ramani ya vitanda.